Anayejua Anadaiwa Nini?

Mtu anauza dhahabu huku akiamini ni shaba. Wewe mnunuzi umeshaona kwamba ni dhahabu. Bei aliyoitaja ni ya shaba. Je, utamwambia, au utatoa hela, utachukua kitu chako na kushika njia?

Swali si langu. Limo katika sehemu ya tatu ya *De Officiis*, kitabu alichokiandika Cicero mwaka 44 kabla ya Kristo, mwaka mmoja kabla ya kuuawa kwake. Hata yeye alilirithi kutoka kwa Wastoa wa karne iliyotangulia, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso, ambao mwalimu na mwanafunzi hawakukubaliana. Diogenes alishikilia kwamba kunyamaza si kudanganya: sheria ikikutaka useme, sema, isipokutaka, una hiari yako. Antipater alisema binadamu ni ndugu, na ndugu hamfichi ndugu yake jambo ambalo angelijua asingefanya biashara hiyo. Cicero alimwelekea Antipater.

Nilisoma mabishano hayo chuoni, nikayajibu kwenye mtihani, nikayaacha hukohuko. Yalinirudia miaka mingi baadaye kwenye kozi ya sarafu.

Naam, kozi ya sarafu. Nilipowaambia jamaa zangu kwamba nimelipa ada kwa dola ili nikae mbele ya kompyuta saa nne za usiku, wiki nane, nikifundishwa kuangalia sarafu za zamani, walicheka sana. Mmoja akauliza, “Yaani umetoa hela ili ufundishwe hela?” Nikamjibu kwamba hata hilo neno “hela” lenyewe ni sarafu ya zamani. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia moja katika koloni lao la Afrika Mashariki, wakaweka heller 100 kwa rupia. Heller zenyewe zilitoweka Mwingereza alipoleta shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini jina halikutoweka. Kila tukisema “sina hela” tunasema hatuna kipande cha shaba ambacho hakijanunua kitu chochote kwa miaka mia moja. Tena “pesa” ilitoka India, “fedha” ni madini kwa Kiarabu, “shilingi” ya Mwingereza. Mfuko wetu wa maneno ni kopo la sarafu. Kwa mpenzi wa lugha hiyo peke yake ilitosha kulipia ada.

Na kulikuwa na zaidi. Nani kati yetu wasomaji wa mashairi alikuwa anajua kwamba sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zina vina? Upande mmoja limeandikwa jina la sultani kwa Kiarabu, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zinamalizikia sauti moja. Unaigeuza sarafu mkononi kama unavyovuka kutoka ukwapi kwenda utao. Hazina tarehe, hazina picha, zina kina. Mwaka 1984, kule Mtambwe Mkuu, Pemba, waakiolojia walifukua sarafu za fedha zaidi ya 2,000 kwa pamoja, nazo nyingi ni vipande vidogo vyepesi vyenye mtindo uleule wa maneno. Nililala saa nane siku hiyo.

Lakini kozi za sarafu hazikuanzishwa kwa ajili ya wapenda vina, tuseme ukweli. Zipo za wasomi: American Numismatic Society, chama kilichoanzishwa New York mwaka 1858, kimekuwa kikiendesha semina ya kiangazi ya wanafunzi wa shahada za juu tangu 1952, na humo mtu husoma sarafu kama anavyosoma hati. Kuna pia American Numismatic Association, chama cha wakusanyaji cha tangu 1891, chenye makao Colorado Springs, ambacho kila kiangazi huwakusanya watu na kuwafundisha kupima ubora wa sarafu, kutambua bandia, na kadhalika. Yangu ilikuwa mtoto mdogo wa aina hii ya pili. Ilifundisha jicho. Shika sarafu kwa ukingo, usiguse uso. Weka taa pembeni, izungushe taratibu, tazama mwanga unavyotembea juu yake. Pima uzito: rupia ya fedha ya Mjerumani ina gramu 11.66, sawasawa na rupia ya India iliyoigwa, na ikipungua sana, jiulize. Tazama ukingo kwa lenzi, kama kuna mshono au vishimo vya mapovu, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, haikupigwa. Na amri kuu ya amri zote: usisafishe! Rangi ya uzee iliyoikalia sarafu ni ngozi yake. Ukiisugua umeichuna.

Wiki ya sita ikaja somo ambalo mwalimu wetu, mzee mcheshi wa watu, alilipenda kuliko yote. Nitaliita somo la embe dodo chini ya mwarobaini. Ni ufundi wa kuipata sarafu adimu katikati ya za kawaida, kwa bei ya za kawaida, kwa sababu mwenye kuuza hajui tofauti. Labda tarakimu moja ya mwaka imekaa vibaya, labda herufi ndogo ya kiwanda imepigwa mara mbili. Alitufundisha mahali pa kutazama. Halafu akatufundisha jambo la pili, kwa utani, lakini alilifundisha: ukiiona, usishtuke. Iweke chini. Chukua nyingine. Uliza bei ya ile nyingine kwanza.

Darasa zima likacheka. Na mimi nilicheka, ilichekesha kweli. Ila nilikuwa na daftari, na nilipolitazama nikaona nimeandika mafunzo mawili tofauti kwenye ukurasa mmoja, kwa kalamu ileile, kana kwamba ni moja. La kwanza lilinifundisha kuijua sarafu, na la pili kumtumia mtu asiyeijua.

Hapo ndipo Diogenes na Antipater walipoamka.

Hebu nimpe Diogenes haki yake, maana katika siku hizi ana watetezi wazito. Mwaka 1815, New Orleans, mfanyabiashara mmoja aitwaye Organ alipata habari alfajiri kwamba vita kati ya Marekani na Uingereza vimekwisha. Kabla habari haijaenea akaenda kununua tumbaku. Aliulizwa kama kuna habari yoyote itakayopandisha bei. Hakujibu. Bei ikapanda, ugomvi ukafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1817 Jaji Mkuu Marshall akaandika kwamba mnunuzi hakulazimika kutoa habari aliyokuwa nayo. Mwaka 1978 mwanasheria Anthony Kronman akaipa hoja hiyo mifupa. Alitenganisha ujuzi wa kuokota na ujuzi wa kuugharimia. Habari iliyokuangukia sikioni kwa bahati, kukulazimisha uiseme hakuharibu kitu. Lakini ujuzi ulioutafuta kwa jasho na fedha, sheria ikikutaka uugawe bure kila unaponunua, kesho hakuna atakayejisumbua kuutafuta.

Sasa mimi nina stakabadhi. Niliugharimia. Kwa mizani ya Kronman niko salama kabisa, macho haya niliyanunua. Sonara mmoja ninayemheshimu, mtu wa sala tano na mizani isiyopunja, aliniambia jambo hilohilo bila kuwahi kumsikia Kronman: “Ndugu yangu, mimi nimekaa chini ya baba yangu miaka kumi na mbili. Mteja akija na kipande, hanilipi kukitazama. Atanilipa vipi basi, kama si kwenye bei?” Ni hoja nzito, na wanaoidharau mara nyingi ni watu ambao hawajawahi kuishi kwa kununua na kuuza. Daktari hulipwa kwa kutazama. Mwanasheria hulipwa kwa kusikiliza. Mjuzi wa vitu vya kale hulipwa tu pale anapojua zaidi ya aliye mbele yake.

Tena ana hoja ya pili, na hii inanigusa zaidi. Bila mjuzi, kitu chenyewe kinapotea. Mwaka 1944 askari mmoja wa jeshi la anga la Australia, Maurie Isenberg, akiwa kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu tisa mchangani. Akaziweka kwenye kopo. Zikakaa humo mpaka 1979, alipozipeleka kutambuliwa. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa. Kilwa yetu hii ya kusini! Miaka 35 fumbo kubwa la Bahari ya Hindi lililala kwenye kopo kwa sababu aliyekuwa nalo hakuwa amekutana na anayejua, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko. Huku kwetu je, rupia ngapi za fedha zimeyeyushwa zikawa bangili? Fedha ni fedha, sonara anapima na kuwasha moto. Kila mtu aliyesoma kozi kama yangu ni kizuizi kimoja mbele ya moto huo.

Haya yote ni kweli. Bado hayanifikishi pale Diogenes anapotaka nifike, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza nitazame jirani zetu wa karibu, ninyi wapenda vitabu. Kuna meza za vitabu vilivyotumika pale Posta na Kariakoo, Dar es Salaam. Tuseme unapekua rundo la vitabu vya sekondari vilivyochanika, unakuta toleo la kwanza la Shaaban Robert, jalada zima. Muuzaji anasema elfu tatu. Mkono wako unatetemeka. Utamwambia? Nimewauliza marafiki zangu wanane swali hilo, wote watu waadilifu, na saba wamesema wangelipa elfu tatu na kukimbilia daladala. Wa nane alisema angetoa elfu tano.

Mimi nami sioni uovu mkubwa hapo. Yule kijana wa meza ni mfanyabiashara. Ameingia sokoni kwa miguu yake, amenunua rundo zima kwa kilo, anajua kwamba katika rundo hilo mengine yatamla na mengine atayala. Kesho atamuuzia mtu kitabu kibovu kwa bei ya kizuri bila kukosa usingizi. Yeye na wewe mnacheza mchezo mmoja. Akitaka kujua bei ya Shaaban Robert, simu anayo. Somo la embe dodo likibaki kwenye meza za wafanyabiashara, basi ni kama bao: mwenye kuona mbali ale kete.

Lakini kuna watu ambao hawajaingia sokoni. Wamesukumwa.

Miaka michache iliyopita, Tanga, niliitwa na bibi mmoja wa mtaani kwetu. Alikuwa amesikia kwamba ninazijua “hela za Mjerumani”. Nikampa shikamoo, akanikaribisha mkekani, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa kulikuwa na kidani cha dhahabu kwenye uzi mweusi. Tembo amepandisha mkonga, nyuma yake mlima. Nikageuza: tai wa Kijerumani, 15 RUPIEN.

Niseme kidogo ile ni nini, kwa asiyejua. Wakati wa Vita vya Kwanza meli za Kiingereza zilifunga pwani, sarafu kutoka Ujerumani hazikufika tena. Wajerumani wakajitengenezea zao Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, upande wa Singida ya leo. Zilipigwa zaidi kidogo ya 16,000, kila moja ina gramu saba na ushei, robo tatu yake dhahabu. Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji na kazi ikaishia hapo. Sarafu nzuri ya namna hiyo leo huuzwa kwa maelfu ya dola. Ya bibi ilikuwa imechomelewa kikombo juu cha kupitisha uzi, na kwa kipimo cha kozi hilo ni jeraha kubwa linaloshusha bei. Pia ilikuwa imesuguliwa kwa majivu na ndimu kila sikukuu kwa miaka isiyohesabika, mpaka manyoya ya tai yamelainika. Kozi ingesema imeharibiwa. Nilipoitazama nikaona ni kitu kilichopendwa. Hata hivyo, bado ilikuwa na thamani mara kadhaa ya uzito wake.

“Mama yangu aliivaa harusini,” alisema. “Sasa mjukuu amechaguliwa chuo. Sonara kanipimia, kanitajia. Lakini nimeona nikuulize wewe kwanza, mwanangu, kama unaitaka, uichukue kwa hiyohiyo ya sonara.”

Hapa ndipo mizani ya Kronman inaponiponyoka. Bibi hakuniletea bidhaa. Aliniletea swali, na bei ameiweka juu ya swali kama mtu anavyoweka kifuniko juu ya chungu. Aliniita kwa sababu najua. Ningelipa bei ya sonara nikanyamaza, faida yangu isingetoka kwenye kuijua sarafu. Kuijua sarafu kungeniwezesha tu kumwambia ni ipi, imepigwa wapi, kwa nini. Faida ingetoka kwenye jambo jingine ninalolijua: kwamba yeye hajui, na kwamba amenifuata kwa sababu hajui. Ujuzi huo wa pili sikuulipia ada. Ni yeye aliyenipa, aliponiamini. Nikiugeuza kuwa pesa nimemlipisha imani yake mwenyewe.

Nadhani hapa ndipo Diogenes anapochanganya mambo. Anasema kunyamaza si kudanganya, na mara nyingi ni sahihi. Ila ukimya una mahali pake. Ukimya mbele ya mfanyabiashara mwenzako ni ukimya. Ukimya mbele ya aliyekuuliza ni jibu, na ni jibu la uongo.

Wazee wa pwani hii walikuwa na namna yao ya kulisema hili, kupitia sheria ya dini. Mtume Muhammad alikataza watu kutoka nje ya mji kwenda kuilaki misafara njiani na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni wakajua bei. Na kilichonivutia ni dawa iliyowekwa: mwenye mali akishafika sokoni ana hiari ya kuuvunja mkataba au kuuacha. Angalia ufundi wake. Haimwambii mjuzi asinunue kamwe, wala haimtaki agawe elimu yake. Inachosema ni kwamba bei isifungwe kwa pingu kabla ya mwenye mali kupita mahali ambapo angeweza kujua. Bibi yule alikuwa msafara, na mkeka wake ulikuwa njiani, nje kabisa ya lango la mji.

Nilimwambia. Nilimweleza yote, Tabora, Sekenke, tembo, bei za minadani, jeraha la kikombo na bei inavyoshuka kwa sababu yake. Alisikiliza, akaitazama sarafu kwa muda, akasema, “Kumbe.”

Ningeishia hapa insha ingekuwa nzuri na safi. Mambo hayakuishia hapo.

Bei ikatoka nje ya nyumba, sijui kwa mlango gani. Ndani ya mwezi mmoja kidani kilichokuwa cha bibi kikawa mirathi. Watoto wa dada yake wakakumbuka kwamba mama wa bibi alikuwa mama wa wote. Mpwa mmoja akaja kutoka Dar na karatasi ya mtandaoni ya mnada wa Ulaya, sarafu kamilifu isiyo na kikombo, na hiyo ndiyo ikawa bei kichwani mwao. Watu waliokuwa wakila pamoja Idi wakaacha. Bibi akaniita mara ya pili, hakulalamika hata kidogo, aliniuliza tu sonara yule anafungua saa ngapi Jumatatu. Akaenda, akaiuza kwa uzito, akagawa sehemu, na ya kwake ikamfikisha mjukuu muhula wa kwanza. “Pesa ya mzani haina ukoo,” alisema. Tembo akaingia motoni.

Rafiki yangu mmoja, nilipomsimulia, alinirushia methali: asiyejua maana haambiwi maana. Ungenyamaza, alisema, ungeinunua kwa bei ya sonara, sarafu ingepona, familia ingepona, mjukuu angesoma, na bibi angekuombea dua. Kila mtu angefaidika. Elimu yako ilimpa nini?

Nimelitafuna swali hilo muda mrefu. Hesabu yake ni sahihi, sina pa kuishika. Lakini ninapoifuata mpaka mwisho inanitaka nikubali jambo moja: kwamba mimi, niliyepata cheti baada ya wiki nane, nina haki ya kuamua bibi wa miaka sabini na kitu anastahili kujua kiasi gani juu ya kilicho shingoni mwake. Hilo silikubali. Uamuzi wake wa mwisho haukunipendeza, kama mkusanyaji uliniuma, lakini ulikuwa wake, na aliufanya akijua. Aliilinganisha bei ya mnada na amani ya nyumba, akaiona bei ni ndogo. Kama nisingemwambia asingekuwa amechagua chochote, angekuwa ametokewa tu. Na ile methali, jamani, wazee hawakuitunga ili iwe kanuni ya biashara. Mara nyingi wanaoitumia ni wale wenye kuijua maana na wasiotaka kuigawa.

Hata hivyo mzigo wa aliyesema upo, na Antipater, kwa uungwana wake wote, hakuutaja. Kusema ukweli wa bei si kama kumpa mtu maji. Kunabadilisha kitu chenyewe. Kabla ya siku ile kidani kilikuwa harusi ya mama, baada yake kikawa maelfu ya dola. Nilimwongezea thamani moja nikamchukulia nyingine kwa pumzi ileile, na kozi yangu haikuwa na somo juu ya ile iliyochukuliwa.

Ajabu ni kwamba kozi ilikuwa na kipimo cha karibu kila kitu kingine. Vipimo vya ubora vinatoka 1 hadi 70, na tuliambiwa aliyevibuni ni William Sheldon, mwanasaikolojia wa Marekani, katika kitabu cha 1949 juu ya senti kubwa za nchi hiyo. Mwanzoni ngazi zile zilikuwa za bei hasa: sarafu ya ngazi 70 ingefaa kuwa na thamani mara 70 ya ile ya ngazi 1. Bei ikageuka kuwa sifa, na leo dunia nzima inapima hivyo. Hatukuambiwa mengine. Baada ya kifo chake mwaka 1977 iligundulika kwamba Sheldon alikuwa akiingia kwenye hazina ya American Numismatic Society, chama kilichomfungulia mlango kwa sababu ya ujuzi wake, anachukua senti bora na kuacha mbaya mahali pake. Zaidi ya 100. Chama kilikuja kushinda kesi mahakamani miaka ya 1990 dhidi ya mkusanyaji aliyezinunua kutoka kwake. Nimeitaja hadithi hii si kwa ajili ya kumchafua marehemu, imo kwenye kumbukumbu za mahakama. Nimeitaja kwa sababu wezi wa kawaida wasingeweza. Ilihitaji mtu anayetofautisha senti mbili zinazofanana kuliko wote waliokuwa wakimlinda, na anayejua kwamba hawatofautishi. Ni lile somo la embe dodo, limefika mwisho wa barabara yake.

Siku hizi watu bado wananiletea vitu. Makopo, soksi zilizofungwa fundo, bahasha. Wakileta za kale sana, za kuokotwa Kilwa au Pemba, nawaambia mapema kwamba sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kwamba mahali ilipookotwa ni nusu ya sarafu, ukiitoa hapo bila kuandika umeikata. Wengi hawarudi. Kwa zilizobaki, kabla sijafungua lenzi nauliza: unataka kujua, au unataka kuuza? Maana nikishakwambia sitaweza kukurudisha ulipokuwa. Wakisema kuuza, nawaambia nitasema bei kwa sauti, na mimi mwenyewe sitanunua siku hiyo, warudi baada ya wiki wakiwa wameuliza kwingine. Sonara wangu anasema hivyo sitatajirika. Kweli sijatajirika.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja mstaafu wa bandari na kopo la maziwa la zamani. Nikamuuliza swali langu. Alifikiri, akavua kofia, akasema, “Nataka kujua. Hayo ya kuuza nitayaona.” Tukamimina kopo juu ya gazeti. Heller, nyingi zimekula kutu, moja ya 5 yenye tundu katikati, senti za Mwingereza zenye tundu pia, na kitufe cha koti ambacho kwa miaka arobaini alidhani ni sarafu. Tulianza na kitufe.